Mlio mwembamba ndani ya mgurumo wa chuma: uchambuzi wa kisa kimoja cha sarafu ardhini

Kisa hiki kinahusu eneo dogo, hatua mbili kwa mbili, chini ya mti mkubwa kwenye uwanja ambao zamani watu walikuwa wakikutanikia na sasa umebaki majani. Mwenye ardhi alituruhusu kuchimba kwa sharti moja: kila shimo lirudishiwe udongo wake na majani yake. Tulikuwa wawili. Mwenzangu alitangulia kupita hapo na detekta yake, mashine ya kutafutia metali ardhini kwa sauti, akasimama kidogo, akatikisa kichwa, akaendelea. Nilipofika nami nikasikia mgurumo wa chuma, mzito na mpana, na ndani yake kipande cha mlio mwembamba. Kilikuja pale tu koili, ile sahani ya detekta inayopitishwa juu ya ardhi, ilipotoka kushoto kwenda kulia. Ilipokuwa ikirudi, hakikusikika.

"Misumari hiyo, kaka," aliniambia bila kugeuka. "Hapa pamejaa misumari."

Hakuwa anabahatisha. Uwanja mzima ulikuwa na misumari, na msumari ni mwongo maarufu: ukilala vibaya hutoa mlio wa juu kwenye ncha zake, ukadhani umepata fedha. Mwenzangu pia alikuwa ameweka kichujio cha chuma, yaani mashine yake ilinyamaza kila ilipokutana na chuma. Alichosikia yeye ni ukimya wenye mkwaruzo mmoja katikati. Mimi nilikuwa nasikiliza bila kichujio, kwa milio mitatu: mzito kwa chuma, wa kati kwa vitu visivyopitisha umeme vizuri sana, na mwembamba kwa vinavyoupitisha vizuri. Ardhi ilikuwa ileile na sauti zikawa mbili tofauti, ndiyo maana nimeona kisa hiki kinafaa kuchambuliwa.

Nianze na kile ambacho mlio unapima hasa, maana wengi wanaonunua detekta huamini kuna mlio wa sarafu na mlio wa takataka. Haipo namna hiyo. Koili hupeleka ardhini uga wa sumaku unaogeuka maelfu ya mara kwa sekunde. Uga huo ukikutana na metali huamsha mikondo midogo ya umeme inayozunguka ndani ya kitu chenyewe, na mikondo hiyo nayo hutoa uga wake mdogo ambao koili ya kupokea huunasa. Mwitikio huo hurudi umechelewa kidogo. Kiasi cha kuchelewa ndicho mashine inachokigeuza kuwa mlio na namba kwenye kioo.

Kinachoamua kuchelewa huko ni mambo mawili kwa pamoja: metali inapitisha umeme kiasi gani, na kitu kina ukubwa na unene gani. Ukigonga kengele nzito sauti inabaki ikivuma, ukigonga debe inakufa papo hapo. Mikondo ndani ya sarafu nene ya fedha au shaba huvuma hivyo, ilhali ndani ya kipande cha foili hufa mara moja. Kwa hiyo foili hulia chini au katikati na sarafu kubwa ya fedha hulia juu. Chuma ni habari nyingine. Chenyewe huvutwa na sumaku, na mwitikio wake mkubwa hutokana na kuvutwa huko, ambao hauchelewi kwa namna ile ya mikondo. Mashine huutambua na kuupa mlio mzito.

Fedha ndiyo metali inayopitisha umeme vizuri kuliko zote, shaba inafuata kwa karibu, dhahabu iko nyuma yao, kisha alumini. Lakini ukiwa uwanjani orodha hiyo haikusaidii peke yake. Alumini hupitisha umeme takriban asilimia 60 ya uwezo wa shaba, hata hivyo pete ya kufungulia kopo hulia katikati kwa sababu ni nyembamba na ndogo. Pete ya dhahabu ya kidoleni nayo huangukia palepale, kwa sababu ileile. Kopo zima la alumini likifukiwa chini sana hulia juu kama fedha. Mlio unakutajia kundi. Ndani ya kila kundi kuna sarafu, na ndani ya kundi hilohilo kuna uchafu.

Jambo la pili ambalo watu huchanganya ni wembamba wa mlio na nguvu yake. Wembamba au uzito unatoka kwenye ule ucheleweshaji, nguvu inatoka kwenye ukaribu na ukubwa. Uga unaokwenda hufifia kwa kasi na unaorudi hufifia kwa kasi hiyohiyo, kiasi kwamba kwa kitu kidogo kilicho mbali kuliko nusu ya upana wa koili, umbali ukiongezeka mara mbili mwitikio unaweza kupungua karibu mara 64. Ndiyo maana sarafu ya chini sana hulia kama mtu anayenong'ona, na kizibo kilicho juu hupiga kelele za kuudhi masikio. Mashine nyingine husawazisha nguvu ili vyote vilie sawa. Kama yako ina uwezo wa kuzima usawazishaji huo, uzime, maana unakupotezea nusu ya taarifa.

Turudi chini ya mti.

Dhana zilizokuwa mezani zilikuwa nne. Ya kwanza, msumari mmoja unaodanganya kwenye ncha. Ya pili, kizibo cha chupa ya soda. Ya tatu, kopo au kipande kikubwa cha alumini kilicho chini, na misumari juu yake. Ya nne, sarafu iliyolala karibu na msumari. Zote nne zinaweza kutoa mchanganyiko wa mgurumo na mlio mwembamba, na namba haikuwa ya kutegemewa: kwenye kioo cha 0 hadi 99 ilikuwa ikiruka kutoka kwenye ishirini na kitu hadi sabini na nane, ikarudi, ikaruka tena. Ukisimama na kuitazama namba ya namna hiyo ikicheza utaondoka na maumivu ya shingo tu.

Nilichofanya ni kupunguza mwendo wa mkono. Badala ya kupitisha koili kwa upana wa kawaida nikaipeleka polepole, umbali mfupi, kiasi cha kiganja huku na kiganja kule, juu ya ile sehemu yenye mlio. Mashine inahitaji muda wa kumaliza kushughulikia kitu kimoja kabla haijaanza kingine. Ukipita haraka juu ya msumari, inapokuwa bado inaukataa msumari tayari umeshaivuka sarafu. Kwa aliyeweka kichujio hali huwa mbaya zaidi: mashine inanyamaza kwa ajili ya msumari, na ukimya huo unaifunika sarafu nayo. Mwenzangu hakukosa kitu kwa kukosa masikio. Mashine yake ilikuwa imeambiwa inyamaze.

Hili la chuma kuficha metali nyingine ni la zamani kama fani yenyewe. Mwaka 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Alexander Graham Bell alitengeneza chombo cha kutafutia metali kwa sauti, akakipitisha juu ya mwili wa mgonjwa akiitafuta risasi. Alisikia sauti iliyotapakaa eneo kubwa, haikumwelekeza mahali. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba kitanda kilikuwa na springi za chuma chini ya godoro. Risasi haikupatikana, na Garfield alifariki Septemba mwaka huohuo. Chombo cha Bell kilikuwa kinafanya kazi, lakini kilikuwa kinasikia vitu viwili na kutoa jibu moja.

Mkono ulipopungua mwendo, mlio mwembamba ukarefuka kidogo. Haukuwa tena mkwaruzo, ukawa na mwanzo na mwisho. Bado ulitoka upande mmoja tu: koili ikienda kulia, mlio kisha mgurumo, ikirudi kushoto, mgurumo mtupu.

Hapo ndipo umbo la koili linapoingia kwenye hoja. Koili niliyokuwa nayo ni ya DD, yaani ndani yake kuna nyaya mbili zilizozungushwa kwa umbo la herufi D, zikapishana katikati. Sehemu yenye usikivu mkubwa siyo sahani nzima, ni mstari mwembamba unaotoka kwenye pua ya koili, mbele, hadi kisigino chake, nyuma. Vitu viwili vikiwa vimepangana kwenye mstari huo, kimoja mbele kimoja nyuma, mashine huvipokea kwa wakati mmoja na kutoa jibu la mchanganyiko. Vikiwa vimepangana kushoto na kulia, mstari unavifikia kimoja baada ya kingine na unavisikia vikiwa viwili. Kwa hiyo mlio uliovunjika haujakuambia kitu hadi umezunguka.

Nikachomeka kijiti cha nyasi kavu pale ambapo mlio mwembamba ulikuwa na nguvu zaidi, nikahamia robo ya duara. Kutoka upande huo mambo yakawa wazi zaidi: mlio mwembamba, safi, mfupi, kisha mgurumo. Wakati wa kurudi, mgurumo, kisha mlio mwembamba uliokatwa mwanzo lakini upo. Na ulikuwa palepale kwenye kijiti. Nikahamia tena, na tena, hadi nikamaliza pande nne. Upande mmoja mlio ulizama kabisa ndani ya chuma. Pande tatu zilizobaki ulisikika, na mara zote ulikuwa kwenye kijiti au upana wa kidole kutoka kwacho.

Jaribio hilo peke yake liliua dhana ya kwanza. Mlio wa uongo wa msumari hauna makazi. Ukiusikiliza kwa urefu wa msumari unakuja kwenye ncha; ukigeuka robo unahama au unapotea, na ukitafuta kiini cha kitu unakikuta mahali pengine, katikati ya msumari wenyewe. Mlio wa kitu halisi hukaa kwenye kitu hicho hata kama nguvu yake inabadilika. Kama ningelazimika kuwaachia wanaoanza jambo moja tu kuhusu sauti, ningewaachia hili: usiulize mlio uko juu kiasi gani, uliza kama unabaki mahali pake unapozunguka.

Kizibo cha soda kilihitaji kazi zaidi, kwa sababu ndicho mwigizaji hodari kuliko wote. Ni chuma, lakini ni bati jembamba, bapa, la mviringo, na umbo hilo huruhusu mikondo ya umeme izunguke vizuri kiasi cha kufunika tabia ya chuma. Mashine nyingi za masafa moja, yaani zile ambazo uga wake hugeuka kwa kasi moja tu, hukiona kizibo kama sarafu nzuri. Kuna njia mbili za kukiumbua. Moja ni kurudisha koili nyuma taratibu huku ukiitikisa, mpaka ncha ya pua peke yake ndiyo inayogusa eneo la kitu: sarafu hufifia ikiwa na mlio uleule hadi inapotoweka, kizibo huanza kukoroma na kutoa chuma. Nyingine ni kulinganisha viini. Kizibo hutoa mlio mwembamba na mgurumo, lakini vyote viwili vina kiini kimoja kwa sababu ni kitu kimoja. Hapa mgurumo ulikuwa na kiini chake, upana wa vidole vinne kutoka kwenye kijiti. Pua ya koili ilipopita juu ya kijiti kwa upande usio na msumari, mlio ulififia bila kukoroma.

Kopo halikuchukua muda. Nikainua koili kiasi cha kiganja kutoka ardhini na mlio mwembamba ukafa. Kopo au bati kubwa la alumini lingeendelea kulia, na lingelia kwa upana, koili ikiingia taratibu na kutoka taratibu. Kitu chenye ukubwa wa sarafu kina kingo: hakipo, kipo, hakipo.

Ikabaki dhana ya nne, na hapo nikamwita mwenzangu aje asikilize kwa mashine yake akiwa ameondoa kichujio. Alisikiliza akiwa amefumba jicho moja, tabia yake, akasema, "Mmh. Kuna kitu." Kutoka kwake hilo ni tamko zito.

Tulikata majani kwa pande tatu, upande wa nne tukauacha ushike ili kipande kirudi kama kilivyokuwa. Msumari ulitoka kwanza, mnene, umepinda, umeliwa na kutu hadi udongo unaouzunguka ukawa mwekundu. Kutu hiyo nayo ina sehemu yake kwenye kisa. Chuma kinachooza ardhini huacha madini yake kwenye udongo, na alama anayoisikia mwenye detekta inaweza kuwa pana kuliko msumari ulivyo. Nilikuwa nimetarajia msumari mrefu zaidi ya ule.

Kabla ya kuendelea kuchimba tulipitisha koili tena juu ya shimo. Watu wengi huiruka hatua hii. Wakishatoa kitu kimoja huona kazi imekwisha, hasa kama kitu chenyewe ni msumari, kwa sababu unaonekana kueleza kila walichokisikia. Safari hii mashine haikuwa na la kusitasita: mlio mwembamba, wa duara, kwenda na kurudi, namba 82, 83, 83. Hakuna mgurumo. Ushahidi wetu uligeuka kutoka kwenye fununu kuwa kitu imara bila sarafu yenyewe kusogea hata kidogo. Kilichoondoka ni jirani yake.

Ilikuwa bronzi, kubwa, imelala bapa, kina cha sentimita kumi na tano hivi, ukingo wake ukiwa na ukijani wa shaba iliyokaa kwenye unyevu. Kulala bapa kulitusaidia sana. Sarafu iliyosimama wima hutoa mwitikio dhaifu, na ikiwa karibu na uso wa ardhi unaweza kusikia milio miwili mifupi badala ya mmoja, ukajikuta unachimba pembeni. Pamoja na msumari ule, sarafu iliyosimama wima pale ingetupita sote wawili.

Tukapitisha koili mara nyingine, kwa mazoea tu. Shimo likalia tena, mlio wa kati, namba 52 na 53, tulivu.

"Pete ya kopo," mwenzangu akasema, safari hii akicheka.

Hapa ndipo kisa kinaponivutia kuliko pale kwenye msumari, kwa sababu kwa kitu hiki cha pili hakuna ujanja wa masikio unaotosha. Mlio ulikuwa tulivu, wa duara, una kingo, haukuhama. Kwa kila kipimo nilichokieleza hapo juu ulikuwa mlio mzuri. Tatizo ni kwamba pete ya kopo nayo, ikiwa haijapinda, hutoa mlio mzuri vilevile. Sarafu za mchanganyiko wa shaba na nikeli ndizo zinazoangukia hapa. Ile ya senti tano ya Marekani, kwa mfano, ni asilimia 75 shaba na 25 nikeli, na mtu angedhani kwa wingi huo wa shaba ingelia juu. Sivyo. Ukichanganya nikeli kwa kiwango hicho, uwezo wa kupitisha umeme huporomoka hadi takriban sehemu moja ya ishirini ya ule wa shaba tupu. Sarafu yenye robo tatu shaba inalia pamoja na takataka za alumini, na pete za dhahabu ziko kundi hilohilo.

Kwa hiyo uamuzi wa kuchimba mlio wa kati hautokani na mlio. Unatokana na mahali. Kwenye njia iliyojaa makopo, namba 52 ni pete ya kopo hadi ithibitike vinginevyo. Ndani ya shimo ambalo dakika chache zilizopita limetoa sarafu, hesabu inabadilika: sarafu hudondoka pamoja kutoka mfuko mmoja, na kitu cha pili kilicho karibu na cha kwanza, kina kilekile, kina sababu nzuri ya kuwa mwenzake. Pete za kopo zenyewe hazina kawaida ya kuzama sentimita kumi na tano penye sarafu za zamani, kwa kuwa makopo yenye pete ni ya miongo ya karibuni.

Ilikuwa sarafu. Shaba na nikeli, ndogo kuliko ile ya bronzi, rangi ya kijivu chafu. Mwenzangu aliigeuza kiganjani, akaikuna kidogo kwa kucha, nikamwomba asiisugue. Sarafu ya zamani inayosuguliwa na mchanga huharibika uso katika sekunde chache, na tarehe ikishafutika haitarudi.

Niseme kidogo kuhusu kile ambacho hata mazingira hayakiokoi. Sarafu za siku hizi zinazidi kutengenezwa kwa namna inayowachanganya wenye detekta. Uingereza ilibadilisha peni moja na peni mbili Septemba 1992, kutoka bronzi yenye asilimia 97 shaba kwenda chuma kilichopakwa shaba. Kwa macho ni sarafu ileile, upana uleule. Sumaku huinasa ile mpya na kuiacha ya zamani. Detekta nayo inaziona kama vitu viwili tofauti kabisa, na anayechuja chuma anaweza kuipita ile mpya bila kusikia kitu. Marekani ilibadilisha senti yake mwaka 1982: kabla ya hapo ilikuwa asilimia 95 shaba, baada ya hapo ni zinki iliyopakwa shaba nyembamba, na ile ya zinki hulia chini ya ile ya shaba. Upande wa pili, robo dola ya hadi 1964, iliyokuwa na asilimia 90 ya fedha, na ile iliyofuata, yenye kiini cha shaba kilichovikwa shaba na nikeli, hulia karibu sana. Masikio yanakuambia ni robo dola. Fedha utaijua baada ya kuiona.

Kwa hiyo mtu anayejigamba kuwa hutambua kila sarafu kwa mlio bila kuchimba, msikilize kwa heshima kisha umwombe ajaribu chini ya mti wenye misumari. Anachoweza kufanya mzoefu ni kitu kingine, nacho si kidogo: kuamua kwa haraka nini kisichimbwe, na kutoruhusu mgurumo wa chuma umfunge mlango kabla hajazunguka.

Baada ya kurudisha udongo tuliendelea kubishana kuhusu mashine. Mwenzangu anashikilia kuwa detekta ya masafa mengi kwa wakati mmoja ingelimaliza jambo lile kwa kupita mara moja. Mimi nakubali nusu. Masafa ya chini hupendelea vitu vinavyopitisha umeme vizuri, kama sarafu kubwa za fedha na shaba. Masafa ya juu huamsha vizuri zaidi vitu vidogo na vyembamba. Mashine inayotumia yote inaweza kulinganisha majibu, na kweli vizibo vya soda huumbuka kirahisi zaidi kwa namna hiyo, na kwenye mchanga wenye chumvi hutulia pale ambapo ya masafa moja hupiga makelele. Hayo siyabishii.

Lakini tatizo la chini ya mti halikuwa masafa. Lilikuwa vitu viwili chini ya mstari mmoja wa koili, na koili ya inchi 11 ni kubwa kwa eneo lenye msumari kila kiganja. Ongeza masafa unavyotaka, mwitikio unaofika bado ni jumla ya msumari na sarafu. Ningepewa nafasi ya kubadilisha kitu kimoja kabla ya kurudi pale, ningeacha mashine ileile, nikafunga koili ya inchi tano au sita. Ingefika kina kidogo zaidi, na kwa kuwa vitu vilikuwa sentimita kumi na tano ningekubali hasara hiyo, ili mstari uwe mfupi kiasi cha kuweza kusimama juu ya sarafu bila kugusa msumari. Mwenzangu hajakubali. Ila tangu siku ile kichujio chake cha chuma kimezimwa.